Mama Robert wa Kolobeng

Mwaka 1858 msafiri mashuhuri, Daktari David Livingstone, aliletewa kutoka Uingereza meli ndogo ya moshi ya kupandia mto Zambezi. Meli hiyo ilipewa jina la Ma-Robert. Mabati yake yalikuwa membamba, tanuri lake lilikula kuni pasipo kushiba, na mtambo wake ulivuma kwa taabu hata wenyewe wakaifananisha na mgonjwa wa pumu. Ikavuja, ikazibwa, ikavuja tena. Na mwezi wa Desemba 1860 ikakwama juu ya fungu la mchanga na kuzama.

Ndugu msomaji, jina la mume limeandikwa juu ya ramani ya bara letu. Uko mji wa Livingstone katika Zambia, na Livingstonia katika Malawi; na mji wa Blantyre, huko huko Malawi, umepewa jina la kijiji alikozaliwa. Mkewe alipewa meli bovu. Nasi tuliofundishwa tangu utotoni habari za Livingstone, kofia yake, simba wake na maporomoko yake, ni wachache kati yetu tuliopata kuuliza: nani aliyempikia? Nani aliyewalea wanawe? Leo twataka kuingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa nyuma, wa jikoni.

Ma-Robert si jina la Kizungu. Miongoni mwa Watswana, kama ilivyo kwetu, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza huacha kuitwa kwa jina lake akaitwa mama wa fulani. Mary Livingstone alipomzaa Robert, mwaka 1846, majirani walimwita Ma-Robert, yaani Mama Robert, na jina hilo likamfuata maisha yake yote. Wala hakulistaajabia, kwa maana alizaliwa katika nchi hiyo hiyo, mahali paitwapo Griquatown, mwaka 1821, na lugha ya Kitswana aliijua tangu akiwa mtoto.

Baba yake alikuwa Robert Moffat, Mskochi aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kutumwa na Chama cha Wamishionari cha London. Mama yake, Mary Smith, alisafiri peke yake kutoka Uingereza mwaka 1819, akafunga naye ndoa mjini Cape Town mwezi wa Desemba mwaka huo. Wakaenda kukaa Kuruman, ukingoni mwa jangwa la Kalahari, karibu na chemchemi kubwa isiyokauka. Bibi huyu wa Kiingereza, katika moja ya barua zake za mwanzo, aliwaeleza jamaa zake kwamba siku hizi sakafu yake husiribwa kwa mavi ya ng'ombe, na kwamba hakuna dawa iliyo bora zaidi ya kutuliza vumbi na kuua viroboto. Hapo mwanzo, alikiri, jambo hilo lilimtia kinyaa. Mama zetu wangalimcheka kwa upole, kisha wangalimwonyesha namna ya kusiriba vizuri zaidi.

Bibi Moffat alizaa watoto 10, na watatu katika hao walikufa wangali wadogo. Mumewe alifanya kazi ambayo wasomi huisifu hadi leo: alitafsiri Biblia nzima katika Kitswana, kuanzia Injili ya Luka iliyochapwa mwaka 1830 mpaka Agano la Kale lililokamilika mwaka 1857. Miaka 27 na zaidi ya kukaa mezani! Mtu hukaa mezani miaka mingi namna hiyo iwapo yuko mwingine anayetazama chungu, mtoto mgonjwa, mgeni aliyefika usiku na ng'ombe aliyepotea. Jina la mwingine huyo halikuandikwa juu ya jalada la kitabu.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Mary, akajifunza kazi zote za mama yake, hata akawa mwalimu. Livingstone alipokuja Kuruman mwaka 1844 kuuguza mkono uliotafunwa na simba, wakachumbiana chini ya mlozi katika bustani ya Moffat. Wakaoana mwezi wa Januari 1845. Ndani ya miaka michache walihama mara tatu: walianzia Mabotsa, wakaenda Chonuane, na mwishowe mwaka 1847 wakafika Kolobeng, magharibi ya mahali ulipo leo mji wa Gaborone, kwa watu wa kabila la Wakwena na mfalme wao Sechele. Kila mahali nyumba mpya, jiko jipya, bustani mpya, na mtoto mwingine njiani. Mshahara wa mmishionari mwenye mke ulikuwa pauni 100 kwa mwaka, na duka la karibu lilikuwa mwendo wa majuma mengi kwa gari la maksai.

Livingstone mwenyewe aliieleza siku ya Kolobeng katika kitabu alichokitoa mwaka 1857. Jamaa yote waliamka mapema, wakasali, wakanywa chai kabla ya jua kuwa kali. Kisha shule, ya wanaume kwa wanawake na watoto, mpaka saa tano. Baada ya shule mume alikwenda kwenye uhunzi, useremala au bustani, na mke akashika kazi za nyumba. Alisaga nafaka. Alioka mkate katika tanuri lililochimbwa ndani ya kichuguu. Siagi aliipata kwa kusukasuka maziwa katika mtungi. Mishumaa aliimimina mwenyewe katika kalibu. Sabuni ilichemshwa kwa majivu na mafuta, na kazi hiyo ilidai kukaa juu ya moto mwezi mzima au majuma sita. Kahawa ilipokwisha, mahindi yalikaangwa yakashika nafasi yake. Baada ya chakula cha mchana na mapumziko ya saa moja, Bibi Mary alirudi shuleni kuwafundisha watoto wadogo, ambao idadi yao ilikuwa kati ya 60 na 100. Na siku nyingine akawafundisha wasichana kushona. Hayo yote, tafadhali tukumbuke, aliyafanya akiwa mjamzito au akinyonyesha.

Jioni mume alikwenda mjini kuzungumza na watu, akarudi amechoka hoi. Miaka mingi baadaye, alipokuwa hana tena wa kucheza naye, aliandika kwa majuto kwamba hakuwa akicheza na wanawe walipokuwa naye, kwa sababu kila jioni nguvu zilikuwa zimemwishia. Katika maneno yote aliyoyaacha mtu huyo, sisi twayaona hayo kuwa karibu zaidi na moyo wa baba wa kawaida.

Si Mzungu peke yake aliyeiendesha nyumba hiyo. Mfereji wa maji na boma la mto la kumwagilia bustani vilichimbwa na Wakwena, na badala yake Livingstone akasaidia kujenga nyumba ya Sechele. Shule waliijenga Wakwena wenyewe. Ukame ulipoingia, ukadumu miaka minne, na mto Kolobeng ukakauka, ilikuwa nyama ya mawindo ya wenyeji iliyowaokoa, pamoja na nzige, na chura mmoja mkubwa ambaye watoto wa Livingstone walimpenda mno. Wale waliozoea kusema kwamba mmishionari alikuja kutulisha wangefaa kuikumbuka karamu hiyo.

Hapa twafika kwenye jambo zito. Livingstone alikuja na fundisho moja kubwa juu ya jamaa: mume mmoja, mke mmoja, nyumba moja. Sechele alikuwa mtu wa akili nyingi, aliyejifunza herufi kwa muda mfupi wa kushangaza, na alikuwa na wake kadhaa. Walikuwa binti za watu wakubwa waliomsaidia kushika ufalme, na wenyewe walikuwa miongoni mwa wanafunzi wasikivu sana wa shule. Mwaka 1848, ili apate kubatizwa, Sechele aliwapa nguo mpya na mali yao, akawarudisha kwa wazazi wao, akituma neno kwamba hawana kosa lolote. Siku ya ubatizo wazee walilia machozi. Jamaa za wanawake wale wakawa adui wa dini mpya, na shule ikabaki karibu tupu. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba mmoja wa wake walioachwa ana mimba ya Sechele, naye akatengwa na meza ya Bwana.

Hatusemi hapa kwamba ndoa ya wake wengi ilikuwa bora. Neno hilo wasomaji wetu watajadiliana wenyewe majumbani. Twasema tu kwamba mtu aliyezivunja nyumba za mfalme kwa ajili ya nyumba ya mke mmoja, hakupita muda mrefu kabla hajaivunja ya kwake.

Mwaka 1850 alimchukua Mary, mjamzito, na watoto watatu, akavuka nao Kalahari mpaka ziwa Ngami. Watoto wakashikwa na homa, ikabidi warudi. Mwezi wa Agosti Mary akajifungua binti, Elizabeth, aliyeishi majuma sita tu. Na mama mwenyewe akapooza upande mmoja wa uso. Mwaka 1851, mimba nyingine tumboni, Livingstone akafunga tena gari la maksai. Mama mkwe, yule bibi wa Kuruman, alimwandikia barua ya ukali akimuuliza anafikiri nini kuwapeleka mke mwenye mimba na watoto wadogo nyikani kati ya wanaume, homa na wanyama. Livingstone aliinakili barua hiyo katika daftari lake, akajitetea, kisha akaenda. Njiani maji yalikwisha. Kwa siku nne watoto walilia kiu, na mama yao, kama alivyokiri mume, hakumlaumu kwa neno hata moja. Machozi tu yalimlengalenga. Mtoto alizaliwa Septemba kando ya mto Zouga, akaitwa William Oswell.

Mwezi wa Aprili 1852 Mary na watoto wanne walipanda meli Cape Town kwenda Uingereza. Ilisemwa itakuwa miaka miwili. Ikawa minne na zaidi, ambayo mumewe alisafiri mpaka Luanda, akarudi, akavuka bara mpaka Quelimane, akijipatia sifa ya dunia nzima. Mwaka huo huo wa 1852 Makaburu waliwashambulia watu wa Sechele, wakateka wanawake na watoto wao kwa mamia, wakaiharibu nyumba ya Kolobeng na kutawanya vitabu na dawa. Basi hata kama Mary angalitaka kurudi nyumbani, nyumba haikuwapo tena.

Na Uingereza hakukuwa kwao. Alizaliwa Afrika, baridi ya Skotland na jamaa za mume vilimshinda. Alihama nyumba hadi nyumba, fedha zikiwa haba, na wapo walionong'ona kwamba ameanza kunywa pombe. Mumewe aliporejea Desemba 1856, nchi ilimpokea kama mfalme. Mwaka 1858 Mary alifuatana naye kwa safari ya Zambezi, lakini akagundulika kuwa mjamzito, akateremshwa Cape Town, akaenda kwa wazazi wake Kuruman. Huko alizaliwa binti yake wa mwisho, Anna Mary, mwezi wa Novemba. Meli iliyoitwa kwa jina lake ilikwenda Zambezi bila yeye.

Habari alizozieneza Livingstone zilivuta na wengine. Jamaa za Helmore na Price walipelekwa kwa Wakololo wa Linyanti, wakafika mwaka 1860 katikati ya msimu wa homa. Helmore, mkewe na wawili wa watoto wao wakafa. Akafa na Bibi Price pamoja na mtoto wake mchanga, na baadhi ya watumishi waliofuatana nao kutoka kusini. Price alibaki, akamwoa Bessie, mdogo wake Mary. Ni Price huyo aliyekuja mwaka 1876 mpaka pwani ya Saadani, akapita na maksai hadi Mpwapwa kujaribu kama magari ya Afrika Kusini yangefaa Tanganyika.

Mary alirudi Zambezi mwanzoni mwa 1862. Katika meli moja naye walikuwamo wanawake wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyohamia Unguja mwaka 1864. Alikaa na mumewe miezi mitatu tu. Tarehe 27 Aprili 1862 homa ilimwua huko Shupanga, katika Msumbiji ya leo, akazikwa chini ya mbuyu. Alikuwa na miaka 41.

Robert, yule aliyempa mama jina, alikuwa kijana asiyetulia. Alifika Afrika Kusini kumtafuta baba, asimpate. Akavuka bahari mpaka Marekani, akaingia jeshini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kaskazini, kwa jina la uongo, Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake kwamba amebadili jina asije akalivunjia heshima. Alitekwa, akafa kifungoni North Carolina mwezi wa Desemba 1864. Hakuwa ametimiza miaka 19.

Anna Mary alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1864, alipokuwa karibu na miaka sita. Mgeni aliingia nyumbani, wakamwambia huyu ndiye baba. Mwaka uliofuata mgeni akaondoka tena, safari hii kwa njia ya Unguja, na hakurudi. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo sasa ni Zambia. Binti huyo alipokuwa mtu mzima aliolewa, akaenda na mumewe kufanya kazi ya misheni Sierra Leone. Na mwanawe, Hubert Wilson, akawa daktari. Katika karne ya 20 daktari huyo alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni ya Chitambo, iliyopewa jina la kijiji hicho alichofia babu yake, akiwatibu watoto wenye homa.