Utegemezi wa Simu kwa Wanavyuo: Mazoezi ya Uzingativu (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba utegemezi wa simu, yaani hali ya mtu kushindwa kujizuia kuishika simu hata pale anapoona wazi kuwa inamharibia usingizi na masomo, haujaorodheshwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ugonjwa. Kilichoingia katika mwongozo wake ulioanza kutumika Januari 2022 ni uraibu wa michezo ya kidijitali. Watafiti hata hivyo hawakusubiri, na wengi wao hutumia dodoso lililotungwa Korea Kusini mwaka 2013, ambalo toleo lake fupi lina maswali 10 tu. Sehemu hii inahusu tiba inayozidi kuchunguzwa, nayo ni mazoezi ya uzingativu: mazoezi ya viungo ya polepole ambayo akili hutakiwa kufuata kila mjongeo na kila pumzi.

Mwanachuo anayesoma Kibaha, mkoani Pwani, awe anaishi bwenini au amepanga chumba huko Zegereni kwenye viwanda, hawezi kuambiwa aifungie simu kabatini, kwa kuwa taarifa za mkopo, ratiba ya mitihani, matangazo ya mhadhiri katika kundi la WhatsApp na hela ya matumizi kutoka nyumbani vyote humfikia kwa simu hiyohiyo. Kinachohitaji kutibiwa, basi, ni ule muda mfupi mno kati ya hamu na tendo: kijana amefungua daftari, aya imekuwa ngumu, na kabla hajaamua lolote mkono umeshazama mfukoni, kidole gumba kimeshafungua kioo na video ya tatu inacheza. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwisha kuonyesha kwa njiwa wake kwamba kiumbe anayelipwa mara moja moja, bila kujua malipo yatakuja lini, hung'ang'ania tendo lake kuliko anayelipwa kila mara. Nayo mitandao ya kijamii hulipa kwa mtindo huo.

Zoezi lililopimwa sana kwa wanafunzi wa China ni baduanjin, mfululizo wa mijongeo minane ambao asili yake huhusishwa na enzi ya Song. Katika mjongeo wa kwanza mtu husimama wima, huunganisha vidole na kuinua viganja taratibu mpaka juu ya kichwa akivuta pumzi. Katika wa pili hujifanya anavuta upinde, kushoto kisha kulia, macho yakifuata mkono. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 uligawa wanafunzi kwa bahati nasibu, baadhi wakifanya baduanjin, wengine wakicheza mpira wa kikapu na waliobaki wakiendelea na maisha yao ya kawaida, na baada ya wiki 12 makundi yote mawili ya mazoezi yalionyesha nafuu. Matokeo hayo yanapaswa kupokewa kwa tahadhari, maana mwenye kujaza dodoso hujitolea ushahidi mwenyewe. Tena nafuu ya wacheza kikapu inadokeza kwamba huenda kutoka jasho na kuwa pamoja na wenzao kuna sehemu yake, mbali na uzingativu.

Uzingativu wenyewe si mgeni Pwani. Muislamu anayehimizwa kuwa na khushuu, yaani utulivu wa moyo ndani ya swala, anajua ugumu wa kuurudisha moyo unaotangatanga wakati mwili unarukuu na kusujudu, ingawa swala ni ibada na haifai kugeuzwa tiba ya simu. Kwa asiye na mwalimu wa baduanjin, zoezi lililo jirani zaidi ni kutembea: kisigino kitangulie, unyayo ufuate, pumzi ihesabiwe, na hamu ya simu inapokuja itambuliwe kwamba imekuja, kisha hatua iendelee. Pembeni mwa barabara ya malori ya viwanda hilo ni hatari, kwa hiyo uwanja wa chuo unafaa zaidi, na kwa mwisho wa wiki upo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe.

Jambo linaloharibu zoezi mapema ni kulifundisha kwa video ya simu, au kusimama kila baada ya hatua mia ili kupiga picha ya kuweka status, kama vifanyavyo vikundi vingi vya jogging. Simu ibaki chumbani, na mmoja wa kikundi avae saa ya mkono. Namna ya kuunda kikundi hicho bila kumchosha mwanafunzi wakati wa mitihani itaelezwa katika sehemu ya tatu.