Panya amepona, mtoto bado

Mzazi mwenye mtoto wa usonji hakosi kusikia kuhusu dawa, nyingine zikisifiwa kutoka ng'ambo ya mpaka kwamba maabara imethibitisha. Swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni moja: aliyepona huko maabara ni nani? Mara nyingi ni panya.

Ubongo wa mtoto aliye hai haufunguliwi ili uchunguzwe. Ndiyo maana watafiti huchukua jeni ambayo kasoro yake huleta usonji kwa binadamu, wakaiharibu ndani ya panya, kisha wakamtazama anavyoishi.

Mwaka 2011 kundi la Guoping Feng nchini Marekani lilieleza habari za panya wenye kasoro ya jeni ya SHANK3, ambayo husaidia kujenga sehemu seli moja ya neva inapopokelea ujumbe wa nyingine. Panya hao walijisafisha manyoya bila kukoma hadi ngozi ikatoka vidonda. Wakiwekewa panya mgeni upande mmoja na kizimba kisicho na mtu upande wa pili, hawakumjali mgeni kama wenzao wanavyofanya.

Mwaka 2016 kundi hilo liliirudisha jeni hiyo kwa panya waliokwisha kukua. Walipunguza kujichubua, wakaanza kukaribia wenzao. Woga na mwendo mbovu vilibaki. Hivyo vilipungua pale tu jeni iliporudishwa mapema, utotoni.

Hapo ndipo wengi hushangilia mapema. Kasoro ya SHANK3 haizidi takriban mtoto mmoja katika kila 100 wenye usonji, na usonji una jeni nyingi.

Kufaulu kwa panya si kibali cha kuvukia mpaka. Panya wa jeni ya FMR1 walitengenezwa mwaka 1994, na dawa kadhaa ziliwatuliza vizuri. Mojawapo, mavoglurant ya kampuni ya Novartis, ilijaribiwa kwa vijana na watu wazima wenye kasoro hiyo. Haikuwasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa, na mwaka 2014 kampuni ikaachana nayo kwa ugonjwa huo.

Wapo waliosema ilitolewa kwa umri mkubwa mno. Ikajaribiwa tena Marekani kwa watoto wa chini ya miaka saba, pamoja na mafunzo ya lugha. Waliomeza dawa hawakuwapita wenzao waliomeza kidonge kisicho na dawa.