Maneno ya Dirisha na Kiunzi Chake

Katika kijiji tulichokuwa tukifundisha, mtu mmoja alipatana na fundi seremala amtengenezee madirisha manne ya nyumba yake mpya, akalipa fedha zote kabla ya kazi. Siku ya kupokea, fundi alileta viunzi vinne vilivyopigwa randa vizuri, lakini havina mbao za kufungia, wala bawaba, wala komeo. Mwenye nyumba akasema amedhulumiwa. Fundi naye akaapa kwamba ametimiza ahadi. Tulipoitwa kusoma hati yao, tuliona imeandikwa, "madirisha manne," basi. Masika yakamkuta yule bwana ameziba nyumba yake kwa magunia.

Katika shauri lile hapakuwa na mwongo. Neno dirisha lachukua mambo matatu: uwazi ulioachwa ukutani ili mwanga na hewa vipite, kiunzi kilichotiwa katika uwazi huo, na kile kifunguliwacho asubuhi na kufungwa usiku. Tukisema, "Mwizi alipita dirishani," twataja uwazi. Tukisema, "Dirisha limeliwa na mchwa," twataja mbao. Tena tukimwambia mtoto, "Funga dirisha," hatafuti mwashi aje kuziba ukuta. Katika mazungumzo hapana hasara, maana maneno mengine hulifafanua; bali katika hati hasara ni kubwa.

Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi. Waajemi huuita mlango dar, na kwa kutia -che mwishoni hupata dariche, yaani kijilango. Ile -che yafanya kazi kama ki- yetu ya mwanzoni. Kwa hiyo asemaye "kidirisha" amepunguza kitu kilichokwisha kupunguzwa! Waarabu wana neno lao, shubbak, lenye asili moja na neno lao la wavu, kwa ajili ya vijiti au vyuma vilivyopitana. Nasi tumelichukua, lakini kwetu shubaka ni kishimo cha ukutani cha kuwekea taa na vitu vidogo, au tundu la kupigia bunduki katika ngome. Mwanafunzi ajuaye Kiarabu kidogo asidanganyike hapo.

Kiunzi chatokana na kuunda, kama mapenzi yatokavyo katika kupenda. Miti miwili isimamayo huku na huku huitwa miimo, na mmoja ni mwimo, ndani yake limo neno la kale la kusimama, lile lile tulisikialo katika "wima." Mti ulalao juu na ule ulalao chini ni vizingiti. Mbao za kufungia, zikiwa mbili, kila moja ni tarabe. Nazo hushikwa na bawaba kwenye miimo.

Mafundi wengi husema fremu, neno la Kiingereza, wala hatuwalaumu. Ila neno hili limetanuka mno: iko fremu ya picha, iko fremu ya baiskeli, na katika miji ya Tanzania fremu ni chumba cha duka cha kupangisha. Asemaye, "Nimepata fremu," huenda amepata mbao nne, huenda amepata mahali pa kuuzia sukari. Sisi hatugombi na neno fremu. Twagomba na mtu aliandikaye peke yake.

Yule bwana na fundi wake walipatana upya baada ya mvua, wakaomba tuwaandikie hati ya pili. Tuliandika hivi: "Viunzi 4 vimekwisha kupokewa. Fundi atatengeneza tarabe 8, yaani 2 kwa kila kiunzi, na kuzitia bawaba 16 na makomeo 4 kwa ndani. Mwenye nyumba atanunua mbao na vyuma. Fundi hatadai ujira mwingine." Fundi aliisoma mara mbili, akauliza, "Na vioo, Mwalimu?"

Tukaongeza: "Bila vioo."