Harufu ya Maji Taka Ndani ya Nyumba: Chanzo Chake na Namna ya Kuizuia

Wateja wengi wanapohisi harufu mbaya bafuni au jikoni, hatua ya kwanza huwa ni kununua dawa ya kunukiza. Dawa hiyo huifunika harufu kwa saa chache bila kugusa chanzo chake. Harufu ya maji taka ni ishara kwamba kuna njia iliyofunguka kati ya chumba na bomba, na njia hiyo haina budi kutafutwa na kuzibwa.

Taka zinapooza mahali pasipo na hewa huzalisha gesi. Miongoni mwake ni salfidi hidrojeni, inayonuka kama yai viza, na methani, isiyo na harufu lakini huwaka kwa urahisi. Salfidi hidrojeni kidogo huwasha macho na koo. Ikiwa nyingi huua. Tena, inapozidi huitia pua ganzi. Kwa hiyo, kupotea kwa harufu si uthibitisho kwamba hatari imekwisha.

Mtego wa maji

Kinga kuu ni mtego wa maji, yaani mkunjo wa bomba chini ya sinki, beseni au tundu la sakafu, ambao hubakiza maji kila mara. Kwenye choo cha kuvuta, mkunjo huo umo ndani ya bakuli lenyewe. Maji hayo, ambayo kwa kawaida huwa na kina cha milimita 50 au zaidi, ndiyo mlango unaoizuia gesi. Wazo hili ni la siku nyingi: mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa kwa namna hiyo.

Mlango huu hufunguka kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kukauka, hasa katika bafu la wageni au nyumba iliyofungwa kwa muda mrefu. Ya pili ni kunyonywa. Maji mengi yanaposhuka bombani huvuta hewa nyuma yake; pasipokuwa na bomba la kupumulia, hewa hiyo huvutwa kupitia mtego na kuyachukua maji yake. Dalili yake ni sinki kugugumia kila choo kinapovutwa.

Mambo ya kufanya

1. Mimina maji katika kila tundu lisilotumika, angalau mara moja kwa wiki. Ukisafiri, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kupunguza kasi ya maji kukauka.
2. Harufu ikirudi baada ya siku moja, mwite fundi bomba akague kama mtego unavuja, unanyonywa au haukuwekwa kabisa.
3. Hakikisha bomba la kupumulia limepanda juu ya paa, mbali na madirisha, na mdomo wake umefunikwa kwa wavu. Lisizibwe.
4. Badilisha mifuniko ya chemba iliyopasuka au isiyokaa sawasawa.

Kabla ya kumlipa fundi aliyekujengea bafu, vuta choo mara mbili mfululizo na usikilize masinki yote. Yakigugumia, kazi haijakamilika, na ni haki yako kudai irekebishwe.

Tahadhari

Usiwashe kiberiti kutafuta chanzo cha harufu. Usiingie kamwe katika chemba wala shimo la maji taka, hata kumwokoa aliyeanguka, kwa kuwa gesi iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha na wa pili. Wazuie wengine wasisogee, kisha upige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu huruma ndiyo humsukuma mtu kuingia, na shimo halimbagui mwokoaji.