Michezo haimharibu binti, yapo mengine yanayomharibu

Wasomaji kadhaa wa safu hii walioko Manchira, wilayani Serengeti, wameniuliza swali linalofanana. Binti yao yuko darasa la sita au kidato cha kwanza, anakimbia kuliko wavulana, na mwalimu anataka kumpeleka kwenye UMITASHUMTA au UMISSETA. Nyumbani yupo mzee anayesema msichana akikimbia sana kizazi kinashuka, atakuwa mgumba na ubikira wake utapotea. Mzazi anauliza: "Daktari, nimruhusu au nimkataze?"

Jibu langu ni fupi: mruhusu.

Kizazi hukaa ndani ya nyonga kikishikiliwa na misuli na kano imara, na mbio hazikishushi. Kizazi kushuka huwapata zaidi wanawake waliozaa mara nyingi au waliokaa na uchungu kwa muda mrefu. Ugumba nao una sababu zake, yakiwamo magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na netiboli haimo kwenye orodha hiyo. Kuhusu ubikira, utando wa ukeni hutofautiana kati ya msichana na msichana tangu kuzaliwa, hivyo hauwezi kutumika kupima tabia ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka mitano hadi 17 wautumie mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa kiwango cha kuhema na kutoka jasho. Kwa msichana kuna faida ya ziada: sehemu kubwa ya uimara wa mifupa atakayoitegemea uzeeni hujengwa kabla hajafikisha miaka 20. Kukimbia na kuruka huijenga.

Lakini swali la wazazi hao linazaa jingine kubwa zaidi. Kama mchezo haumharibu, ni nini basi kinachomzuia binti mwenye kipaji asifike mbali? Ili tulijibu, tuangalie safari ya mchezaji tenisi mmoja wa nchi jirani.

Kutoka Loresho hadi Wimbledon

Angella Okutoyi alizaliwa Januari 29, 2004 nchini Kenya, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki dunia kwa uzazi huo. Walilelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi katika Shule ya Msingi Loresho, Nairobi. Ni hapo Loresho alipoanza kushika raketi akiwa mtoto mdogo. Baadaye alipata nafasi katika vituo vya mafunzo vya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), kwanza Burundi, kisha Morocco.

Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa Afrika wa vijana wa chini ya miaka 18 nchini Tunisia. Januari 2022, mjini Melbourne, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana katika mojawapo ya mashindano makubwa manne ya tenisi duniani. Julai mwaka huohuo, kwenye nyasi za Wimbledon jijini London, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walicheza fainali ya wasichana ya wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi kwa pointi 11-9. Alikuwa na miaka 18. Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, kusoma huku akicheza, na Machi 2024 alishinda medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra.

Manchira si mahali pa tenisi. Hata hivyo moyo, magoti na mifupa ya msichana havijui kama anacheza tenisi, netiboli au soka. Ninachotaka mzazi akione katika safari hii ni ile miaka 18. Kipaji kilionekana mapema, lakini ilibidi kibebwe na mwili mzima kwa miaka mingi kabla ya kombe. Vipaji vipo Manchira, Nyamongo, Sirari na kila shule yenye kiwanja. Kilicho haba ni mwili wa msichana kufika miaka 18 ukiwa salama.

Asiharakishwe

Wazazi wengi wakiona kipaji hutaka matunda haraka. Mmarekani Jennifer Capriati alianza kucheza tenisi ya kulipwa mwaka 1990, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 14. Akiwa na miaka 16 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona. Muda mfupi baadaye alichoka, akaacha mchezo na kupita kwenye kipindi kigumu cha maisha. Alirudi, na mwaka 2001 alishinda mashindano makubwa ya Australia na Ufaransa. Chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake (WTA) kikaweka kanuni ya umri: aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa, na idadi ya mashindano huongezwa kidogokidogo hadi afikishe miaka 18.

Kanuni hiyo inafaa hata kwa timu ya shule. Kipimo rahisi kwa mzazi ni hiki: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 12 asizidishe saa 12. Apate angalau siku moja ya kupumzika kila wiki, na usiku alale saa nane hadi kumi. Akiwa mdogo acheze michezo mbalimbali badala ya kufungwa kwenye mmoja. Na anayeanza kuamka saa kumi alfajiri kwa kazi za nyumbani, akatembea hadi shule, kisha akafanya mazoezi jioni, mpunguzieni kazi. Kazi ile nayo ni mazoezi, ingawa hakuna anayeihesabu.

Goti lisikilizwe

Upande wa pili wa wavu katika fainali ile ya Wimbledon walikuwa Wakanada wawili. Mmoja wao, Victoria Mboko, alikuwa na miaka 15, na wazazi wake walihamia Amerika Kaskazini kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadaye matatizo ya goti yalimrudisha nyuma. Alitibiwa, akarudi, na Agosti 2025, akiwa bado na miaka 18, alitwaa ubingwa wa mashindano ya Canada mjini Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka katika fainali.

Wasichana huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, hasa kuanzia balehe. Nyonga hupanuka, mwili hurefuka haraka, na misuli ya mapaja huchelewa kupata nguvu ya kuudhibiti. Mazoezi ya kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, yakifanywa dakika 15 kabla ya mechi, hupunguza hatari hiyo. Walimu wa michezo wanaweza kuyafundisha bila kifaa chochote.

Akiumia, atolewe uwanjani. Apumzishe mguu, awekewe kitambaa cha maji baridi, afungwe bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe. Msimchue kwa nguvu wala kumkanda kwa maji ya moto siku za mwanzo, kwani uvimbe utaongezeka. Mpelekeni hospitali kama alisikia kitu kikikatika ndani ya goti, kama limevimba ndani ya saa chache, au kama hawezi kukanyaga. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki mbili nayo yaonwe na daktari.

Damu yake

Msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Kati ya miaka 14 na 18 anahitaji takriban miligramu 15 za chuma kwa siku, wakati mvulana wa umri huo anahitaji 11. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa huongezeka malaria, minyoo na kichocho, ambavyo vyote hupunguza damu. Binti akianza kuhema haraka, kushindwa mbio alizozizoea, kuumwa kichwa au kutamani kula udongo, msimwite mvivu. Mpelekeni zahanati apimwe wingi wa damu, malaria, choo na mkojo.

Chakula cha kumjenga kipo sokoni: dagaa, maharage, nyama au maini mnapopata, mboga za majani, uji wa ulezi, maziwa. Chungwa, limau au pera pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza chuma. Chai huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Hedhi ni kipimo cha afya. Mchezaji ambaye hajapata hedhi hadi miaka 15, au aliyekuwa akipata kisha ikakatika kwa miezi mitatu, aonwe na daktari. Huenda anafanya kazi kubwa kuliko chakula anachokula, na mifupa yake inadhoofika. Kama ameshaanza mahusiano, kipimo cha mimba kinahitajika pia, na aulizwe faraghani, kwa upole. Mwenye sikoseli anaweza kucheza kwa kiasi, akinywa maji mara kwa mara na kupumzika, baada ya kushauriana na kliniki yake. Na mtoto yeyote aliyezimia akiwa anakimbia asirudi uwanjani kabla ya kupimwa moyo.

Wembe

Sasa niseme la Mara bila kuzunguka. Utafiti wa taifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mkoani Mara ilikuwa asilimia 32. Likizo ya Desemba, wakati wenzao wa kwingine wanapumzika, baadhi ya wasichana wa Tarime na Serengeti hupelekwa kwa ngariba.

Siku ileile binti anaweza kuvuja damu hadi kufa, kupata pepopunda, kushindwa kukojoa au kupata maambukizi. Anayepona hubaki na kovu, maumivu na woga. Baada ya kidonda, wengi huhesabiwa kuwa wamekua, na mazungumzo ya ng'ombe wa mahari huanza. Hapo kiwanja, darasa na kipaji huisha kwa pamoja.

Madhara hujitokeza tena chumba cha kujifungulia. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba waliokeketwa walipata zaidi upasuaji wa uzazi na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na watoto wao walikufa zaidi. Kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa ndivyo hatari ilivyoongezeka.

Mzee aliyeogopa mbio zitaharibu kizazi cha mjukuu wake ana haki ya kukihofia kizazi hicho. Hofu yake aielekeze kwenye wembe. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na kifungo ni kati ya miaka mitano na 15, hata kwa mzazi au mlezi aliyemtoa. Binti aliye hatarini, au jirani anayejua mpango huo, apige 116, namba ya huduma kwa mtoto, au aende kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mugumu na Masanga zipo nyumba salama zinazowapokea.

Atakapokuwa mama

Serena Williams alishinda mashindano ya Australia Januari 2017 akiwa na mimba changa. Septemba 1 mwaka huo alijifungua kwa upasuaji wa dharura. Siku iliyofuata alishindwa kupumua vizuri. Kwa kuwa aliwahi kupata damu iliyoganda kwenye mapafu, aliijua dalili hiyo na kusisitiza apimwe. Kipimo kilionyesha damu imeganda tena, akatibiwa. Mwaka uliofuata alicheza fainali ya Wimbledon na ya Marekani.

Mwanamke mwenye mwili imara kama wake nusura afe baada ya kujifungua, na kilichomwokoa ni kusema, kisha kusikilizwa. Mama wa Okutoyi hakubahatika kuwaona binti zake wakikua. Anayetarajia mapacha yuko kwenye hatari zaidi ya kutokwa damu, hivyo ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Baada ya kujifungua, dalili hizi hazisubiri kuche: damu inayolowesha pedi moja au zaidi kwa saa, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kichwa kinachogonga sana, kuona maluweluwe, degedege, homa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Kwa hiyo, mzazi wa Manchira uliyeuliza: nunua viatu vinavyomtosha, mpe uji kabla ya mazoezi na maji ya kunywa yaliyochemshwa, mpime damu muhula huu, kaa na mwalimu mpange siku ya kupumzika. Desemba ikifika, binti yako abaki nyumbani kwako, mzima. Januari arudi shuleni akimbie.

Mwandishi ni daktari wa binadamu.