Kabla ya Kununua Kompyuta ya Gari, Pimeni Umeme Wake



Katika robo hii ya mwaka, gari linalopeleka kliniki ya mama na mtoto katika vijiji vya Mpwapwa lilitusumbua. Taa ya injini iliwaka, injini ikawa inatetemeka, na mara mbili ilizima njiani. Gereji moja ilipima kwa mashine, ikapata namba P0603, tukaambiwa kompyuta ya injini imekufa na inunuliwe nyingine. Kamati ilikaribia kuidhinisha malipo hayo kutoka katika fungu la mafuta ya safari za kliniki.

Naomba nieleze maana ya namba hiyo. Kompyuta ya injini ina kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Umeme huo hutoka kwenye betri kupitia fyuzi. P0603 husema kwamba kumbukumbu hiyo imepata hitilafu. Huenda kweli kompyuta ni mbovu, lakini namba hiyo hiyo hutokea umeme ukikatika au ukishuka mno. Ni kama kumnyang'anya karani daftari kila jioni, halafu asubuhi tukamlaumu kwamba hakumbuki. Tena kwenye karatasi ya vipimo palikuwa na namba nyingine, P0562, yaani umeme wa gari uko chini. Hiyo haikuzungumzwa kabisa.

Fundi mwingine alianza na mita ya kawaida. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, yetu ilisoma 12.4. Injini ikiunguruma, ilisoma 14.1, maana yake jenereta inachaji vizuri. Ndipo akaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, dereva akapiga stata. Hapo haifai kupotea zaidi ya nusu volti. Kwetu ilipotea zaidi ya volti moja! Waya wa ethi ulikuwa na kutu chini ya bolti, na kichwa cha chanya kilichezacheza kwa mkono. Barabara zetu mnazijua.

Alisafisha kwa msasa, akakaza, akafuta namba zile. Hazijarudi. Siku za kwanza injini haikutulia vizuri kwa sababu kompyuta ilikuwa ikijifunza upya, hivyo msishtuke mkiona hali hiyo.

Kwa sharika zenye magari: wakati wa kufungua betri anzeni na hasi, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho. Fundi asiruhusiwe kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima jenereta". Umeme hupanda ghafla, na hapo kompyuta nzima inaweza kuungua kweli. Kabla ya kuleta ombi la kununua kompyuta, ambatanisheni vipimo vitatu: betri ikiwa imepumzika, injini ikiunguruma, na ethi wakati wa kupiga stata.