Mzee Hajapotea, Anatalii Jiji

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, jiji la Nairobi huhama. Mabasi ya mashambani hujaa pomoni, nauli hupanda pasipo mtu kuulizwa, na wakazi hutawanyika kuelekea Kisumu, Meru, Kakamega, Machakos na pwani. Mkondo wenyewe ni wa upande mmoja: vijana ndio waendao, wazee ndio wangojao. Hata zile insha za namna ya "Nilivyoitumia likizo yangu", ambazo walimu wenzangu wa Kiswahili huzisahihisha kila Januari, hufuata njia iyo hiyo. Mwanafunzi hutoka mjini, hufika kwa nyanya, huchinjiwa jogoo, kisha hurejea. Mimi sijapata kusoma hata moja ambamo nyanya ndiye aliyefunga safari.

Si kwamba wazee wetu hawalijui jiji. Wanalijua, lakini wanalijua kwa shida. Mzee huletwa Nairobi kwa ajili ya hospitali, au kufuatilia malipo ya uzeeni, au kwa harusi ya mjukuu, ambako huketishwa kiti cha mbele chini ya hema na kurudishwa kwao kesho yake. Kati ya kituo cha basi na mlango wa daktari, jiji lote lililobaki humpita dirishani.

Ndiyo maana nyumba yangu iliingiwa na mshangao mwishoni mwa mwaka uliopita, pale mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 76, aliposhuka garimoshi kutoka Voi akiwa na begi dogo, mwavuli na daftari. Alitangaza kwamba atakaa wiki sita. Hakuwa na mgonjwa, hakuwa na kesi, hakuwa na harusi. Alikuwa amekuja kuutazama mji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walinena wahenga, na wanafunzi wengi hudhani kwamba methali hiyo inamfukuza mgeni. Mimi naiona kinyume. Jembe humwingiza mtu nyumbani: alimaye pamoja nasi si mgeni tena. Taabu ya Nairobi ni kwamba hakuna jembe la kumpa. Nyumba ni vyumba vitatu ghorofani, watu wazima hushinda kazini, na mzee huachwa mbele ya televisheni kama mlinzi wake. Nimewaona wazee kadha wakizeeka zaidi katika wiki mbili za namna hiyo kuliko katika miaka miwili ya kulima. Mjomba alijitafutia jembe lake mwenyewe. Kila asubuhi, baada ya chai, alitoka na daftari.

Hapa niruhusiwe kuleta jambo la taaluma yangu. Kitenzi "kutalii" tulikipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake hubeba maana ya kusoma na kupekua maandishi kwa makini. Mtalii, kwa mizani hiyo, ni msomaji. Lakini mwambie mwanafunzi yeyote wa Kenya akuchoree mtalii: atakuchorea Mzungu mwenye kofia pana, kamera kifuani, ndani ya gari lililofunguliwa paa. Maana imesinyaa hadi ikawa rangi ya ngozi na unene wa mkoba. Madhara yake hayaishii katika kamusi. Mzee Mwafrika aliyesimama kando ya Barabara ya Moi akiyakodolea macho majengo hana jina la kuitwa. Haikupita siku bila mpita njia kumwuliza mjomba, "Mzee, umepotea?" Waliuliza kwa heshima na nia njema, mmoja wao alimshika mkono akamvusha barabara ambayo hakuwa na haja ya kuivuka.

Alichokuwa akikisoma ni majina. Kwa watu wa rika lake, Barabara ya Moi ingali Government Road, Mtaa wa Tom Mboya ungali Victoria Street, na Mtaa wa Kimathi ungali Hardinge. Mbele ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, mahali ambapo vijana wa Nairobi huwekeana miadi, pana sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011, karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi siku hiyo, na redio ndiyo iliyompasha habari. Alisimama pale kwa muda mrefu. Alipomwuliza mvulana mmoja kama anamjua mtu yule, alijibiwa, "Sijui, mzee, sisi hukutana hapa tu." Basi akamweleza. Rafiki wa mvulana huyo alipofika, akaelezwa naye. Somo likawa la watu watano.

Kutoka pale alikwenda Kenyatta Avenue, ziliko sanamu za watu watatu zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ama kwa hakika nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu ni wapi katikati ya jiji palipochongwa Kiswahili miaka 35 kabla ya Uhuru, na darasa zima likanyamaza, ilhali wengi wao hupita hapo kila wiki. Mjomba aliyanakili maneno yote, kisha kesho yake akapanda matatu hadi Kariokor. Hapo ndipo sanamu na mtaa vilipokutana daftarini mwake: Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililolainishwa na ndimi za wenyeji. Watu hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Dar es Salaam nako wakaliita Kariakoo. Majiji mawili yanakula nyama na kununua vyondo juu ya jina la maiti wale wale, na hakuna kitabu cha darasa nikijuacho kinachomwambia mtoto hivyo.

Siku nyingine ilikuwa Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Siku nyingine Pangani, ambako kijiji cha kale kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake kuhamishiwa Shauri Moyo. Alirudi jioni na vumbi kwenye viatu na maswali kwenye daftari, akala, akalala mapema.

Lakini miguu ya miaka 76 ni miguu ya miaka 76. Jambo lililomshinda mjomba si umbali, wala si magari, bali ni kukosa pa kuketi. Aliwahi kuketi kwenye ngazi za jengo moja la ofisi afunge kamba za kiatu; askari wa lango alimwondoa kabla hajafunga cha pili. Hotelini ukiketi hununua. Kituoni ukiketi hupandishwa gari. Mwishowe kituo chake cha adhuhuri kikawa Bustani ya Jeevanjee, na pale, chini ya mti, akisikiliza watu wakibishana siasa kwa sauti za juu, alikuwa na furaha kamili.

Msomaji na ajiulize bustani hiyo imesalimikaje. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliitoa kwa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari na majengo ya biashara, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani uliouvunja mpango huo. Miaka miwili nyuma, 1989, Wangari Maathai alikuwa amesimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, naye akatukanwa bungeni kwa sababu hiyo. Huenda wakati huo ilionekana kwamba ugomvi ule ni wa miti na siasa. Ulikuwa pia ugomvi wa kiti cha mzee. Wapangaji wa jiji wakitaka kujua kama kazi yao ni njema, na wampe mtu wa miaka 76 atembee kutoka Kariokor hadi Kenyatta Avenue saa sita mchana, kisha wahesabu ni mara ngapi aliweza kukaa bila kulipa.

Kuna watakaosema ninahimiza hatari: wezi, pikipiki zipandazo njia za waenda kwa miguu, dawa za presha zinazosahaulika nyumbani. Hayo yapo, na mke wangu aliyataja yote siku ya kwanza. Tuliafikiana kwamba mjomba asitoke peke yake baada ya wiki ya kwanza, na mwenziwe akawa binti yangu wa miaka 13, aliyekuwa katika likizo ndefu asijue la kufanya nayo. Hapo likazuka jambo ambalo sikulitarajia. Kitaita binti huyu hukisikia lakini hakisemi. Simu zake kwa babu zilikuwa za nusu dakika, salamu na kwaheri. Njiani hapakuwa na kwaheri. Walilazimika kuzungumza saa nne kwa siku, na lugha waliyokuwa nayo wote wawili ni Kiswahili, yeye cha Sheng, mzee cha ubao na chaki. Walisahihishana hadharani ndani ya matatu. Mzee alimweleza kwamba gari lenyewe, kwa simulizi aliyoikuta, liliitwa hivyo kwa nauli ya senti 30, sarafu tatu za senti kumi kumi. Binti naye akamfundisha kwamba sasa laitwa "mathree" na nyumba ni "keja". Mjomba aliandika yote mawili, na mbele yake akaweka "nm", kama afanyavyo mtunga kamusi. Kando ya "keja" ameongeza kwa wino mwekundu: wingi?

Mjomba alirudi Voi wiki ya pili ya Januari, baada ya shule kufunguliwa na mwenziwe kuvaa sare. Daftari alituachia sisi. Kurasa mbili za mwisho hazina maelezo, zina orodha ya majina tu: Jericho, Bahati, Makadara, Dagoretti, na mbele ya kila jina alama ya kuuliza. Binti yangu ameanza na Jericho, kwa kuwa yuko bibi muuza mboga sokoni petu aliyezaliwa huko. Jumamosi hii wanakwenda pamoja.